Kabla hujatoa hela kununua kitabu cha programu

Kitabu changu cha kwanza cha programu nilikinunua kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam, kwa shilingi 15,000, na nusu yake ilikuwa imeshakufa kabla sijapanda basi la kurudi Tanga. Kilikuwa kinene, jalada zuri, kinaahidi kukufundisha PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, na MySQL, hifadhidata yake, kwa pamoja. Kilichapwa 2008. Sikuutazama mwaka. Nani anatazama mwaka kwenye kitabu? Hisabati ya 2008 ndiyo hisabati ya leo, nami nilidhani mambo ya kompyuta ni hivyohivyo.

Nataka kueleza vitabu nilivyopitia tangu wakati ule, vilivyonifaa na vilivyonilia hela, kwa ajili ya kijana aliyeko Makorora au Korogwe au popote ambako bando hukata katikati ya somo na hakuna mtu wa kumuuliza. Niseme mapema kwamba mimi hutengeneza mifumo midogo ya wenye biashara ndogo: tovuti, daftari la madeni, stakabadhi. Anayetaka kutengeneza michezo ya simu au akili mnemba aulize kwa wengine.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja ya Ngamiani, natoa kopi na kuchapa barua za kuomba kazi za watu wengine. Mwenye duka aliniruhusu kutumia kompyuta baada ya kufunga. Nikakifuata kitabu ukurasa kwa ukurasa. Sura za mwanzo zilikwenda vizuri: vigeu (majina ya kuwekea data), masharti, kurudiarudia. Sura ya kuunganisha na hifadhidata ikakwama kwenye mstari wa kwanza. Kompyuta ikasema haiijui fanksheni, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina, ya mysql_connect. Nikakagua herufi mojamoja. Nikafuta, nikaandika upya. Nikaondoa PHP yenyewe na kuiweka tena, na bando la wiki likaishia hapo. Nilihangaika na kosa lile muda mrefu, mpaka nikaanza kuamini kwamba kazi hii ina wenyewe na mimi simo.

Kumbe fanksheni zile zilishatangazwa kuwa zinaachwa tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013, na PHP 7 iliyotoka Desemba 2015 ikaziondoa kabisa. Nilikuwa natafuta swichi ambayo fundi ameshaing'oa ukutani.

Wengi wakisikia kisa hiki husema, basi nunua kitabu kipya. Mimi siafiki haraka hivyo. Mysqli, njia mpya ya PHP kuongea na hifadhidata, ilikuwapo tangu PHP 5 ya mwaka 2004, na PDO, nyingine kama hiyo, ikaja na PHP 5.1 mwaka 2005. Kwa hiyo mwandishi wa 2008 alikuwa na njia bora mkononi, akachagua kufundisha ile ya mkato kwa sababu inaonekana rahisi kwenye karatasi. Ubaya huo ulikuwamo siku kitabu kinatoka kiwandani, na ndio ulionigharimu zaidi.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa mfumo wa kuandikisha vifurushi kwa ofisi moja ndogo ya mizigo stendi ya Kange. Mzigo unapokewa, anaandikwa mtumaji, mpokeaji na unakokwenda: Muheza, Korogwe, Mombo, Lushoto na mbele yake. Nilikuwa nimeshahamia mysqli, lakini mtindo ulibaki uleule wa kitabu: unachukua alichoandika mtu kwenye fomu, unakipachika moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata. Ukafanya kazi. Nikalipwa malipo ya awali, nikapita sokoni, nikanunua samaki nguru wa kupeleka nyumbani nikiwa najiona mtu.

Kisha dada wa kaunta akaanza kupiga simu. Baadhi ya mizigo haiingii. Ukibonyeza, ukurasa unabaki mweupe. Mara ninapokwenda mimi kujaribu, inaingia yote. Mzee mwenye ofisi ndiye aliyeona jambo kabla yangu. Aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole ule wa watu wazima wa Tanga unaouma kuliko matusi: "Mwanangu, hii kompyuta yako imekosana nini na watu wa Mng'aro?"

Ilikuwa ni ile alama ndogo ya ng'. Katika SQL, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama hiyohiyo. Mtu akiandika Mng'aro, hifadhidata inahesabu kwamba neno limeishia kwenye Mng, na "aro" inayobaki inaiona kuwa ni amri isiyoeleweka. Akina Mang'enya nao, ambao mkoa huu wamejaa, hawakuweza kutuma wala kupokea kitu. Mimi nilikuwa najaribu kwa majina ya Juma na Asha, ndiyo maana kwangu halikutokea. Na kama alama moja isiyo na hila inaweza kuvunja sentensi, basi mtu mwenye hila anaweza kupitia mlango huohuo akaandika amri zake mwenyewe, akafuta rekodi zote za mizigo au kuzisoma. Huo ni udhaifu wa zamani unaojulikana dunia nzima. Dawa yake ni kuiandaa sentensi ya SQL ikiwa na nafasi wazi, kisha data ipelekwe kando, isichanganywe na amri. PDO na mysqli zote hufanya hivyo. Kitabu changu kilikuwa na zaidi ya kurasa 600 na hakikulitaja jambo hili hata kwa aya moja.

Kwa hiyo sasa nikishika kitabu chochote cha lugha ya upande wa seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), siendi sura ya kwanza. Natazama ukurasa wa hakimiliki nione mwaka na toleo. Kisha natafuta mfano wa kwanza unaochukua data ya fomu na kuiweka kwenye hifadhidata. Nikikuta kigeu kimepachikwa katikati ya sentensi ya SQL, nakirudisha mezani hata kama wino wake haujakauka. Halafu naangalia mazoezi. Kitabu kisicho na mazoezi mimi sinunui tena, kwa sababu ukikisoma unaona unaelewa kila kitu, na ukifunga jalada huwezi kuandika mistari kumi peke yako. Mwisho najiuliza kama kitanifaa siku ambayo sina bando na umeme umebaki ule wa kwenye betri ya laptopu. Vitabu vingine kila ukurasa wa tatu vinakutuma mtandaoni kupakua kitu.

Kwa upande wa sura ya tovuti, nilianza na HTML and CSS (lugha ya muundo wa ukurasa na ile ya mwonekano wake) cha Jon Duckett, cha mwaka 2011, alichoniletea binamu yangu kutoka Uingereza. Ni kitabu kizuri kwa macho: picha kubwa, rangi, maneno machache. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake ni kama changu, cha kusoma polepole na kamusi pembeni, hilo si jambo dogo. Bado namwazima kila anayeanza. Ila sura ya mpangilio wa ukurasa namwambia airuke. Inafundisha kupanga safu kwa kutumia float, mbinu ya zamani ya kusogeza vitu pembeni, na kurasa za upana wa pikseli 960, mambo ya enzi za kompyuta ya mezani. Flexbox, njia mpya ya kupanga safu, haimo, na mwenzake Grid haikuingia kwenye Chrome na Firefox mpaka Machi 2017. Wateja wangu wote hufungua tovuti kwenye simu, tena simu yenye kioo kilichopasuka. Ukurasa wa pikseli 960 hauna kazi hapo. Lakini sura za vichwa, aya, fomu, majedwali na rangi zimesimama palepale zilipokuwa. HTML haifukuzi vitu vyake hovyo.

Kitabu kilichonibadilisha hasa ni Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke, cha lugha inayoupa ukurasa uhai ndani ya kivinjari. Kinasomwa bure mtandaoni kwa ridhaa ya mwandishi mwenyewe; mimi nilitumia toleo la tatu la 2018, na la nne limetoka 2024. Nilikipakua chote siku moja yenye mtandao mzuri, nikachapa sura za mwanzo palepale steshenari. Ukurasa ulikuwa shilingi 100 na kitabu kina kurasa zaidi ya 400, kwa hiyo hata kwa punguzo la mfanyakazi nisingeweza kukichapa chote. Nikazibana kwa waya, nikawa naenda nazo Maktaba ya Mkoa Jumamosi, kuna utulivu na feni.

Nitasema ukweli: ni kigumu. Kinaanza kwa utaratibu, mazoezi ya kuchora pembetatu ya alama na ubao wa drafti, unajiona shujaa, halafu kuanzia sura ya nne na ya tano mlima unasimama ghafla. Sura ya nne ina mtu anayegeuka kuwa kindi, anaandika kila siku alichokula na alichofanya ili ajue kinachomgeuza. Nilimhadithia rafiki yangu mmoja, akasema huyo anahitaji mganga, JavaScript haitamsaidia. Tulicheka, lakini ndani ya kichekesho kile kuna somo la kupanga data na kutafuta uhusiano kati ya vitu viwili ambalo sijaona limeelezwa vizuri kuliko pale. Sura ya tano, ya fanksheni zinazopokea fanksheni nyingine, niliilia. Niliiacha, nikarudi, nikaiacha tena. Kuna siku niliificha chini ya droo ili nisiione. Kilichonivusha ni kumfundisha yule rafiki kwa Kiswahili, mdomo kwa mdomo, kila nilichodhani nimeelewa. Nikikwama kwenye kueleza ninajua palipo na shimo. Kama huna rafiki, andika maelezo ya kila sura kwa Kiswahili chako kwenye daftari, kama unamwandikia mdogo wako. Ni kazi inayochosha, na ndiyo iliyonifanya niache kusoma kwa kukariri.

Sura ya saba nayo ni ya roboti linalosambaza vifurushi kijijini. Unalitengeneza kwanza likizurura ovyo, halafu likifuata njia moja iliyopangwa, mwishowe likitafuta njia fupi lenyewe. Niliisoma nikiwa nimeshapita Kange, na sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini jambo hilo lina maana. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema vitabu vya programu vimepitwa na wakati kwa kuwa video zipo. Video ingenionyesha roboti la mwisho likifanya kazi, nami ningeandika alichoandika mwalimu. Kitabu kiliniacha na lile la kwanza linalozurura, kikanidai. Na tuwe wakweli, video ya saa tatu ni bando la siku ngapi?

JavaScript: The Good Parts cha Douglas Crockford, cha 2008, ni chembamba na kina maoni makali. Wakati wake kilisaidia watu wengi kuitazama lugha hii kwa heshima. Lakini toleo la lugha la 2015 lilileta let, const na moduli, na ushauri wake mwingi ulikuwa wa kukwepa matatizo ambayo sasa yana dawa. Azima, usinunue.

Baada ya malipo ya Kange kukamilika nikapata kiburi kidogo, nikataka kusoma vitabu vya wakubwa. Nikaagiza Design Patterns, kile cha waandishi wanne cha mwaka 1994, na usafirishaji wake ukanitoa hela nyingi kuliko bei ya kitabu. Kina mitindo 23 ya kupanga programu, na mifano yake ni ya lugha za C++ na Smalltalk. Si kitabu kibaya. Ni kitabu cha mtu ambaye ameshaumizwa na programu kubwa, na mimi programu yangu kubwa ilikuwa na faili tisa. Nilisoma majibu ya maswali ambayo sijawahi kuulizwa. Kipo kabatini, na mama hukitumia kushikizia mlango upepo wa kusi ukianza.

Clean Code cha Robert Martin, cha 2008, kilinifaa na kikanidhuru. Sura ya majina nakubaliana nayo: nilikuwa na vigeu vinaitwa a, b na data2, na nilipozirudia programu zangu baada ya miezi michache nilizisoma kama zimeandikwa na adui. Lakini kinasisitiza fanksheni ziwe fupi sana, mistari michache tu, nami nikaukatakata mfumo wa vifurushi mpaka kupokea mzigo mmoja ukahitaji kuruka fanksheni kumi na kitu. Dada wa kaunta alipopata tatizo, nilishindwa kufuata njia ya programu yangu mwenyewe. Nimezirudisha nyingi zikawa ndefu kiasi, zinasomeka juu hadi chini kama barua. Wako watakaonikosoa kwa hilo, wanikosoe.

Kitabu chembamba kuliko vyote nilivyonavyo ndicho kilichorudisha gharama yake haraka: Don't Make Me Think cha Steve Krug, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2000. Tovuti anazoonyesha za toleo la kwanza zimeshakuwa makumbusho, lakini ushauri wake mkubwa ni wa kukaa kimya nyuma ya mtu mmoja anayetumia kitu chako na kutazama anapokwama. Nikakaa Kange asubuhi moja. Fomu yangu ilianza na jina la mtumaji, jina la mpokeaji, kisha namba za simu. Watu walikuwa wakifika kaunta wanataja namba ya simu kwanza, kwa sababu jina la mpokeaji mara nyingi ni "mama Zawadi" tu na hakuna anayelitegemea. Dada alikuwa anaandika namba kwenye kiganja cha mkono, halafu anajaza majina, halafu anasoma kiganja. Nilihamisha visanduku viwili, foleni ikapungua. Hakuna fremuweki, yaani mifupa tayari ya kujengea programu, iliyowahi kunipa matokeo kama hayo.

Kingine cha kusoma bure mtandaoni ni High Performance Browser Networking cha Ilya Grigorik, cha 2013. Kabla yake niliamini tovuti nzito dawa yake ni mteja kununua bando kubwa. Mwanga ndani ya faiba hutembea takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na bado seva ikiwa Ulaya na mtu yuko Mabawa, kila ombi lina safari ya kwenda na kurudi. Kabla data haijaanza kutembea TCP, utaratibu wa kuunganisha kompyuta mbili mtandaoni, inataka safari nzima ya kusalimiana tu, na usimbaji wa usalama unaongeza nyingine. Ukubwa wa bando haufupishi njia. Tovuti ya mteja wangu mmoja wa Chumbageni ilikuwa inaita vifaili vidogo vingi kutoka seva tofautitofauti, na kila seva ina salamu zake. Niliviweka mahali pamoja na kutupa fonti za mapambo, ikafunguka. Humo nako kuna kurasa zilizozeeka: HTTP/2, toleo la pili la utaratibu wa kuomba kurasa za tovuti, ilikamilishwa 2015, na HTTP/3 ya 2022 imeachana na TCP yenyewe. Sura za umbali na subira ya mtandao hazijazeeka, kwani Ulaya haijasogea.

Kuhusu yale makapu ya PDF yanayozunguka Telegram, mamia ya vitabu kwenye flashi moja: nimewahi kuwa nalo. Mengi ni ya wizi, na sijui mtu aliyemaliza hata kimoja kutoka humo, mimi nikiwamo. Ukiwa na vitabu mia tatu, ugumu wa sura ya tano unatosha kukuhamisha. Ukiwa na kimoja ulichokichapa kwa hela yako, unarudi. Badala ya kapu, pakua mwongozo rasmi wa PHP, unapatikana bure kwa kusomwa nje ya mtandao, na DevDocs, ambayo huhifadhi kwenye kivinjari maelezo ya HTML, CSS na JavaScript. Hivyo viwili ndivyo ninavyofungua kila siku, na ndivyo vinavyoziba mapengo ya kitabu kilichozeeka: kitabu kikikwambia tumia fanksheni fulani, itafute kwanza kwenye mwongozo uone kama bado iko hai.

Sasa hivi nipo na Designing Data-Intensive Applications cha Martin Kleppmann, cha 2017. Nisingekigusa bila sababu. Ile ofisi ya mizigo imefungua kaunta Lushoto, na mtandao wa kule mvua ikinyesha unapotea. Wakawa wanaandika mizigo bila mtandao, ukirudi inagongana na iliyoandikwa Kange. Sura ya 5 inazungumzia jambo hilohilo, la nakala mbili za data zinazobadilishwa kila moja upande wake. Nilichokichukua pale ni kidogo sana: Kange ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuandika kwamba mzigo umeondoka, Lushoto ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuandika kwamba umefika, na hakuna anayegusa mstari wa mwenzake. Migongano imekwisha. Sura ya 9, ya jinsi kompyuta nyingi zinavyokubaliana jambo moja, imenishinda mpaka leo. Kama yupo aliyeielewa na yuko Tanga, chai na kachori ni juu yangu.